Kuainisha vitabu vya usalama na vya kijeshi maktabani: mwongozo kamili

Neno "usalama" kwenye jalada halimwambii mkutubi mahali pa kuweka kitabu. Kitabu hicho chaweza kuwa cha ulinzi wa taifa, cha polisi, cha kompyuta, cha upatikanaji wa chakula, cha ulinzi wa mali za kampuni au cha makufuli ya nyumbani. Katika mfumo wa Desimali wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, vitabu hivyo sita vinakaa sehemu sita: 355.03, 363.2, 005.8, 363.8, 658.47 na 643.16. Cha saba hunasa watu wengi zaidi. Ni kitabu cha Kiingereza kinachotumia neno hilohilo la usalama (security), kumbe kinazungumzia hisa na hati fungani, na mahali pake ni 332.632. Ukifuata jalada, vyote vitarundikana kwenye 355, namba ya mambo ya kijeshi, na mtu aliyekuja kutafuta sera ya ulinzi ataondoka na kitabu cha soko la mitaji.

Mifumo mikubwa ya uainishaji hupanga vitabu kwa taaluma kwanza, mada baadaye. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kitabu kinahusu nini, jiulize kimeandikwa kutoka taaluma gani: ya kijeshi, ya siasa, ya sheria, ya uhandisi, ya historia au ya jamii. Makosa mengi ya eneo hili huanza pale swali hilo linaporukwa.

Kabla ya kutafuta namba

Hakikisha kwanza mnatumia mfumo gani na toleo gani. Maktaba za umma na za shule nyingi hutumia Dewey, na toleo lake la 23 lilitoka mwaka 2011. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hutumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye herufi na namba. Usichanganye matoleo bila kujua. Vitabu vya ugaidi ni mfano mzuri: vile vilivyoainishwa kabla ya toleo la 22 la mwaka 2003 vingi vimewekwa 303.625, chini ya migogoro ya kijamii, na vya baadaye vingi viko 363.325, chini ya huduma za usalama wa umma. Maktaba iliyopokea namba kutoka rekodi za zamani na za sasa bila kuzikagua ina vitabu pacha vilivyoachana kwa makabati kadhaa.

Kisha kichunguze kitabu chenyewe. Dakika tano hadi kumi zinatosha ukizitumia kwa mpangilio huu: ukurasa wa jina, yaliyomo, utangulizi, sura ya mwisho, halafu faharasa. Utangulizi ndio unaosema mwandishi anamwandikia nani. Sura ya mwisho huonyesha mapendekezo yanaelekezwa kwa nani: kwa makamanda, kwa wabunge, kwa majaji au kwa wahandisi. Tumeona vitabu ambavyo yaliyomo yake yanafanana mno, lakini mapendekezo yakavitenganisha, kimoja kikaenda 355 na kingine 327, ya mahusiano ya kimataifa.

Andika sentensi moja kwenye karatasi ya kazi ukifuata mpangilio huu: mada, taaluma, mahali, wakati, umbo. Kwa mfano: "Sera ya ulinzi, sayansi ya kijeshi, Japani, baada ya 1945, utafiti." Sentensi hiyo ikikushinda kuiandika, hujakielewa kitabu kiasi cha kukipa namba.

Kikiwa na mada mbili, zipo kanuni za kuamua. Mada moja ikiiathiri nyingine, kitabu kinafuata ile inayoathiriwa: athari za ndege zisizo na rubani kwenye sheria ya vita ni kitabu cha sheria, 341.6, wala si cha ndege. Mada mbili zikipewa uzito sawa, chukua namba inayotangulia: nusu askari wa miguu (356.1) na nusu vifaru (358.18), weka 356.1. Zikiwa tatu au zaidi zilizo chini ya mada pana, panda juu: askari wa miguu, wapandafarasi na mizinga pamoja ni 355. Ile ya kuathiri hutangulia nyingine zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Ramani ya 355 hadi 359

355 ni sayansi ya kijeshi kwa jumla, na humo humo hukaa vitabu vya jeshi la nchi kavu kwa ujumla wake. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu jeshi la wanamaji lina 359 yake na jeshi la anga lina 358.4. Anayetafuta "namba ya jeshi la nchi kavu" haioni, kisha anakimbilia 356. Hiyo ni ya vikosi vya miguu tu. 357 ni ya wapandafarasi na warithi wao wenye magari, na 358 inakusanya makombora, mizinga, vifaru, uhandisi wa vitani, silaha za kemikali na za kibayolojia (358.34 na 358.38), jeshi la anga na vikosi vya anga za juu (358.8).

Ndani ya 355 mgawanyo unafuata maisha ya jeshi lenyewe. 355.02 ni vita kama vita: sababu zake, vita vya nyuklia (355.0217), vita vya msituni (355.0218). 355.03 ni hali na sera za kijeshi, na hapa ndipo "usalama wa taifa" hukaa mara nyingi. 355.1 ni maisha ya askari, nidhamu na sare. 355.2 ni rasilimali, hasa watu: uandikishaji, kujiunga kwa lazima. 355.3 ni muundo na watumishi. 355.4 ni operesheni, 355.5 mafunzo, 355.6 utawala pamoja na bajeti (355.622), 355.7 kambi na majengo, 355.8 silaha na vifaa.

Tarakimu hizo hurudi kwenye majeshi mengine. Sare ni 355.14, sare za wanamaji ni 359.14, sare za jeshi la anga ni 358.4114. Operesheni za wanamaji ni 359.4, mafunzo yao 359.5, vifaa vyao 359.8. Ukikariri mgawanyo wa 355 umeshapata zaidi ya nusu ya 359 bure.

Kuna jozi zinazochanganya. Vita vya msituni kama aina ya vita ni 355.0218, lakini kitabu kinachofundisha mbinu za kupigana msituni ni 355.425. Mamluki wana 355.354. Vikosi vya kimataifa kama muundo wa kijeshi ni 355.357, ila vitabu vya ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa vingi ni vya sheria na siasa za kimataifa, navyo huenda 341.584. Walinzi wa pwani wako 359.97 wanapozungumziwa kama jeshi, na 363.286 wanapozungumziwa kama polisi wa baharini wanaokamata magendo na kuokoa watu.

Kujenga namba hatua kwa hatua

Tuchukue vitabu vinne kuhusu Japani. Katika Jedwali la 2 la Dewey, lenye namba za nchi na maeneo, Japani ni 52.

Cha kwanza kinaeleza hali ya kijeshi ya Japani: ina nguvu gani, inatishiwa na nani, eneo lake likoje. Namba ya msingi ni 355.033. Kwa hali ya kijeshi ya nchi fulani, mfumo unadai 0 kabla ya namba ya nchi: 355.0330, halafu 52. Matokeo ni 355.033052.

Cha pili kinaeleza sera ya ulinzi: serikali imeamua nini na kwa nini. Msingi ni 355.0335, unaongeza 52 moja kwa moja: 355.033552.

Vitazame vikiwa pamoja: 355.033052 na 355.033552. Vimetofautiana kwa tarakimu moja tu katikati, 0 na 5, na tarakimu hiyo ndiyo inayotenga hali na sera. Kosa la kawaida ni kuidondosha ile 0 kwa kudhani ni ya kujaza nafasi. Utapata 355.03352, na atakayeisoma ataona sera (355.0335) ikifuatiwa na 2 iliyopotea njia, huku kitabu kikikaa mahali ambapo hakuna anayekitafuta. Kwa Marekani, yenye 73, jozi ni 355.033073 na 355.033573. Hizi mbili utakutana nazo mara nyingi mno katika rekodi za kunakili, yaani zilizochukuliwa kutoka maktaba nyingine, kwa hiyo zoesha jicho.

Cha tatu ni historia ya jeshi la Japani. Hapa unatumia vigawanyo vya kawaida vya Jedwali la 1, yaani tarakimu zinazoweza kuongezwa kwenye mada yoyote, ambapo historia na mahali ni 09. Lakini chini ya 355 nafasi za sifuri moja zimeshachukuliwa na vita na sera (.02, .03), kwa hiyo vigawanyo vya kawaida huanza na sifuri mbili: 355.009, kisha 52, yaani 355.00952. Anayeandika 355.0952 ameruka sifuri moja. Kwa wanamaji ni vivyo hivyo: jeshi la wanamaji la Marekani ni 359.00973. Kwa jeshi la anga ni 358.400973.

Cha nne kinahusu Japani na Marekani. Kikiwa cha mahusiano ya kidiplomasia kwa upande wa Japani, anza na 327, weka 52, weka 0, weka 73: 327.52073. Kikiangalia kutoka upande wa Marekani kinageuka: 327.73052. Kikiwa cha mkataba wa ulinzi wa pamoja, rudi kwenye jeshi: 355.031, ambayo ni ya miungano ya kiulinzi, kisha 0952, yaani 355.0310952. Usiamue kwa kuangalia ramani ya nchi kwenye jalada. Angalia kama sura nyingi zinazungumzia mabalozi au majeshi.

Swali linalofuata ni urefu. Rekodi nyingi za kunakili huandika namba ikiwa na mkwaju ndani, kwa mfano 355/.033573. Mkwaju huo si sehemu ya namba, na usiubandike kwenye mgongo wa kitabu. Unaonyesha mahali ambapo maktaba ndogo inaweza kukatia bila kuvunja maana. Ukikata mwenyewe, kata kwenye mpaka wa maana. 355.033552 ikikatwa tarakimu moja inakuwa 355.03355, na 5 peke yake ni Asia nzima. Si kosa iwapo umeamua vitabu vyote vya Asia vikae pamoja, ni kosa iwapo ulikuwa unapunguza urefu wa lebo. Na namba haiachwi ikiishia na 0 baada ya nukta: 355.0330 bila nchi ni 355.033 tu. Kwa maoni yetu, maktaba yenye vitabu mia moja au mia mbili vya kijeshi haihitaji zaidi ya tarakimu tano au sita baada ya nukta. Chuo cha kijeshi kinazihitaji zote, la sivyo 355.0335 itakuwa na kabati nzima lisilo na mpangilio ndani yake.

Bunduki moja, rafu tisa

Hakuna mada inayoonyesha nguvu ya taaluma kama bunduki. Chukua vitabu vyenye picha ya bunduki jaladani, kimoja baada ya kingine.

Kinachoeleza muundo wa bunduki ya kijeshi kwa jicho la mhandisi, kikiwa na michoro na vipimo, kinakwenda 623.4425. Cha fundi anayetengeneza na kukarabati bunduki karakanani ni 683.4. Kinachoeleza jinsi jeshi linavyonunua, kugawa na kutunza silaha ni 355.82. Mazoezi ya askari ya kulenga shabaha ni 355.547. Kulenga shabaha kama mchezo ni 799.31, na uwindaji ni 799.2. Udhibiti wa umiliki wa bunduki kama suala la jamii ni 363.33, na sheria zake ni 344.0533. Bunduki za kale zenye nakshi, zinazokusanywa kama kazi za sanaa, ni 739.7. Na hapo hatujagusa kiwanda (338.47623) wala biashara ya silaha kati ya nchi (382.45623).

Katika zote hizo, mpaka unaozua mabishano ni ule wa 355.8 na 623. Jaribio letu ni hili: fungua kurasa za katikati uangalie michoro. Ikiwa ni ya sehemu za silaha, kipenyo cha mtutu, mwendo wa risasi, hiyo ni 623. Ikiwa ni chati za vikosi, majedwali ya ugavi na hoja za kwa nini jeshi lilichagua silaha hii badala ya ile, ni 355.8. Mpaka huohuo upo kwa ndege za kivita (623.746 dhidi ya 358.4183) na kwa manowari (623.825 dhidi ya 359.83, na 359.32 meli inapotazamwa kama kikosi).

Ujasusi, vita na majirani wengine

Vitabu vya ujasusi vinauzwa sana na kuainishwa vibaya sana. Ujasusi wa dola dhidi ya dola ni 327.12, na nchi inayoufanya inaongezwa nyuma yake: mashirika ya Marekani ni 327.1273. Taarifa za kivita zinazokusanywa na jeshi kwa ajili ya operesheni ni 355.3432. Polisi wa siri wanaowaandama raia wa nchi yao ni 363.283. Ufumbuzi wa maandishi ya siri kama ufundi ni 652.8. Na ujasusi ndani ya vita fulani huifuata vita hiyo: kwa Vita vya Pili vya Dunia tazama 940.5485 hadi 940.5487, kazi ya Uingereza ikiwa 940.548641. Kwa hiyo wasifu wa jasusi wa 1942 na wasifu wa jasusi wa miaka ya 1970 huenda visikae jengo moja. Msomaji atalalamika. Mpe kichwa cha mada kwenye katalogi kinachoviunganisha. Usivunje namba ili kumridhisha.

Hapo pana kanuni pana zaidi. Vita mahususi ni historia, na historia iko 900. Vita vya Kwanza vya Dunia viko 940.3 na 940.4, vya Pili 940.53 na 940.54, vita vya Korea 951.9042, vita vya Vietnam 959.7043. Historia ya kikosi fulani cha nchi Washirika katika Vita vya Pili ni 940.5412, na kumbukumbu binafsi za askari ni 940.5481 au 940.5482, kulingana na upande wao. Kitabu hubaki 355 kinapochunguza vita kwa jumla, au kinapochukua mapigano kadhaa ya zama tofauti ili kufundisha mbinu. Maktaba zinazoweka "vitabu vyote vya vita" pamoja kwenye 355 zinafanya hivyo kwa nia njema, lakini wanafunzi wa historia hawatavipata kamwe.

Maadili ya vita ni 172.42. Vita kama tukio la kijamii ni 303.66, na utatuzi wa migogoro ni 303.69. Kujenga amani kati ya nchi ni 327.172, upunguzaji wa silaha kama siasa ni 327.174, kama sheria 341.73. Sheria za kijeshi za nchi ziko 343.01. Jeshi linapoingilia siasa ni 322.5, na mapinduzi yenyewe 321.09. Tiba ya kijeshi ni 616.98023, wakati huduma za afya kama idara ya jeshi ni 355.345. Ulinzi wa raia wakati wa vita ni 363.35. Wanawake jeshini ni 355.0082, na wengi huwapeleka 305 kwa sababu wameona neno "wanawake" kwanza.

Riwaya ya vita ni fasihi. Iache kwenye 800 hata mwandishi akiwa jenerali mstaafu.

Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani

Huku jeshi lina herufi mbili: U kwa sayansi ya kijeshi na V kwa ya wanamaji. Mpangilio wake ni tofauti kabisa na Dewey katika jambo moja kubwa. Silaha na uhandisi wa kijeshi haviendi kwenye teknolojia, vinabaki humu humu: UF ni mizinga, UG ni uhandisi wa kijeshi pamoja na jeshi la anga. Kwa hiyo ule ubishi wa 355.8 na 623 haupo, ingawa upo mwingine.

U yenyewe inabeba mambo ya jumla: U21 vita, U22 maadili, U27 hadi U43 historia ya sayansi ya kijeshi, U161 hadi U163 mkakati, U164 mbinu, U168 ugavi, U240 vita vya msituni, U241 kuwakabili waasi, U263 vita vya nyuklia na U264 silaha zake, U310 michezo ya vita. Vitabu vingi vya vita vya mtandaoni utavikuta U163. Vya kulinda kompyuta za ofisini ni QA76.9.A25.

UA ni majeshi na hali ya kijeshi, na ndiyo herufi utakayotumia zaidi. UA10.5 ni usalama wa taifa kwa jumla. Baada yake nchi na maeneo vina namba zake: Marekani UA23, Ulaya UA646 na jumuiya ya NATO UA646.3, Uingereza UA647, Ufaransa UA700, Ujerumani UA710, Urusi UA770, China UA835, India UA840, Japani UA845, Afrika kwa jumla UA855. Kosa la kila siku ni kuviacha vitabu vya nchi kwenye UA10.5 kwa kuwa jina limesema "usalama wa taifa". Nchi ikitajwa na kuchambuliwa, nenda kwenye namba ya nchi.

UB ni utawala: UB250 intelijensia ya kijeshi, UB251 kwa nchi, UB270 ujasusi, UB320 uandikishaji, UB416 makundi kama wanawake na watoto askari. UC ni matunzo na usafirishaji, UD askari wa miguu na bunduki zao (UD380 kuendelea), UE wapandafarasi na vifaru, UH huduma nyingine ikiwemo tiba. Ndani ya UG tafuta UG447 kwa silaha za kemikali na UG447.8 kwa za kibayolojia, UG1242 kwa aina za ndege (ndege zisizo na rubani ni UG1242.D7), UG1312 kwa makombora.

Kwenye V kuna mtego. VK ni uendeshaji wa vyombo baharini na VM ni ujenzi wa meli, hata meli za mizigo na mashua za wavuvi. Usishangae kukuta kitabu cha kuunda mashua karibu na cha manowari, na usikihamishe.

Majirani wa U na V ni hawa: usalama wa kimataifa na upokonyaji silaha JZ5587 hadi JZ6009, walinda amani JZ6374, sheria ya vita KZ6378 kuendelea, ugaidi HV6430 hadi HV6433, polisi HV7551 kuendelea, walinzi binafsi HV8290, intelijensia ya serikali JF1525.I6 (ya Marekani JK468.I6), jeshi na serikali ya kiraia JF195, mapinduzi JC494, viwanda vya silaha HD9743. Vita vya Kwanza ni D501 hadi D680, vya Pili D731 hadi D838, na majasusi wa vita hiyo D810.S7.

Namba ya mwandishi

Baada ya namba ya mada inakuja herufi na tarakimu za mwandishi. Jedwali la Maktaba ya Bunge ni fupi. Jina likianza na konsonanti ya kawaida, herufi ya pili inageuzwa hivi: a 3, e 4, i 5, o 6, r 7, u 8, y 9. Herufi ya tatu: a hadi d 3, e hadi h 4, i hadi l 5, m hadi o 6, p hadi s 7, t hadi v 8, w hadi z 9. Mwandishi Hamisi: H, kisha a inatoa 3, kisha m inatoa 6, yaani .H36. Kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa Japani kinakuwa UA845 .H36 2019. S na irabu zina safu zake katika jedwali, usitumie hii.

Jedwali hilo halikufikiria majina ya Kibantu. Mw-, Mb-, Mk-, Nd-, Ng- hayana herufi ya pili iliyotajwa, kwa hiyo unayachomeka katikati. Musa ni .M87, na Mwinyi lazima amfuate, kwa hiyo .M89. Akija Mwanga, ambaye anatangulia Mwinyi, mpe .M88. Ndiyo maana orodha ya rafu huangaliwa kabla ya kuandika lebo, wala si baada. Epuka kumalizia na 1, kwani hutapata nafasi ya kuchomeka jina mbele yake, na epuka 0, kwa kuwa husomwa kama herufi O.

Rekodi, lebo na rafu

Kwenye rekodi ya MARC, muundo wa kompyuta wa rekodi za katalogi, namba ya Dewey inaingia uga (sehemu) wa 082. Maktaba yako ikiwa ndiyo iliyoitoa, viashirio, yaani tarakimu mbili zinazofuata namba ya uga, ni 0 na 4, na toleo huandikwa mwishoni baada ya alama ya $2: 082 04 $a 355.033552 $2 23. Namba ya Maktaba ya Bunge ni uga wa 050, kiashirio cha kwanza kikiachwa wazi na cha pili kikiwa 4: $a UA845 $b .H36 2019. Usiache $2 tupu. Miaka kumi baadaye hiyo ndiyo itakayomwambia mwenzako kwa nini kitabu cha ugaidi kiko 303.625.

Kwenye lebo, namba ndefu ya Dewey huvunjwa baada ya nukta au baada ya kila tarakimu tatu nne, si popote mashine ilipoishiwa nafasi. Wapangaji wa rafu wafundishwe tofauti moja: katika mfumo wa herufi, namba iliyo baada ya herufi ni namba nzima, kwa hiyo UA23 hutangulia UA646 na UG633 hutangulia UG1242, lakini namba ya mwandishi ni desimali, kwa hiyo .H36 hutangulia .H4. Katika Dewey kila kitu baada ya nukta ni desimali, na 355.033552 hutangulia 355.1 japo inaonekana kubwa. Vitabu vingi "vilivyopotea" kwenye 355 havijaibwa, vimekaa nyuma ya 355.8.

Kama maktaba inatunza pia nyaraka zenye daraja la siri, daraja hilo lisiingizwe kwenye namba ya rafu. Namba inaeleza mada. Siri huandikwa kwenye uga wa mahali na wa masharti ya matumizi, kwa kuwa siri huondolewa siku moja na hutaki kubandua lebo mia tatu.

Kusafisha rafu iliyochafuka

Usianze na rafu yote. Chapisha orodha ya 355.03 peke yake, uipange kwa jina la kitabu, kisha uweke alama tatu: vya kompyuta, vya polisi na vya vita mahususi. Vitoe hivyo kwanza. Kisha linganisha zile jozi zenye 0 na 5, nchi moja baada ya nyingine. Hatua ya tatu ni ugaidi: amua namba moja kuu, hamisha kundi zima kwa siku moja, na usiache nusu. Badilisha rekodi kwanza, lebo ya pili, kitabu cha mwisho. Ukifanya kinyume, msomaji ataona kwenye katalogi namba ambayo kitabu kimeshaihama.

Kila uamuzi wa mashaka uandike kwenye daftari la maamuzi la maktaba: namba iliyochaguliwa, iliyokataliwa, sababu kwa mstari mmoja, tarehe. Kwa mfano: "Walinzi wa pwani: 359.97, si 363.286, isipokuwa kitabu ni cha uokoaji tu." Daftari likae mezani kwa anayeainisha, si kabatini kwa mkuu.

Ukikwama kati ya namba mbili kwa zaidi ya dakika kumi na tano, tafuta kitabu hichohicho kwenye katalogi za maktaba tatu kubwa. Zikikubaliana, zifuate. Zikitofautiana, chukua ile ambayo wasomaji wako wataifikia kwanza, iandike daftarini, na uendelee na kitabu kinachofuata.